Tandiko Lililotundikwa Ukutani

Mzee Japarkul alikwisha kuvifungua viganja vyake, na ulimi wake ulikwisha kulitaja jina la Mola, ndipo alipomtazama vizuri mnyama aliyeletwa mlangoni achinjwe kwa heshima yake. Akamtambua. Alikuwa Jeerde, yule farasi jike mwekundu wa miaka mitano ambaye yeye mwenyewe, miezi miwili tu iliyopita, alimtoa zizini kwake akampa binti yake Burulcha aende naye kwa mumewe.

Viganja vikabaki hewani. Wazee saba waliokaa kuizunguka nguo ya chakula nao walikuwa wamefungua vyao, wakingoja mgeni atamke maneno kisha wote waitikie amina na kupaka nyuso. Maana katika milima ile hakuna mnyama wa karamu anayelazwa chini kabla mgeni mkubwa hajamwona na kumwombea. Mgeni asipoomba, kisu hakitoki alani.

"Tuombee, kuda," alisema Mambetaly, mwenye nyumba, baba wa mume wa Burulcha. Kuda ndivyo wanavyoitana watu waliooleana watoto, na Mambetaly alilitamka neno hilo kwa sauti ya asali. "Mbona umekwama? Maneno yamekukauka?"

"Huyu ni nani?" aliuliza Japarkul.

"Nani tena? Farasi."

"Nimekuuliza ni nani. Kwamba ni farasi naona."

Doolot, ndugu mdogo wa Mambetaly, mtu mnene aliyekuwa ameishika kamba, akacheka hadi kofia yake ya sufu ikamteremka usoni. "Kuda mzee, na nyama nayo ina jina? Ndiye huyo huyo wako! Kilichotoka mkononi mwako kinarudi kinywani mwako. Baraka iliyoje!"

Wazee wawili watatu wakacheka pia, kwa adabu, kama watu wanaosaidia kuubeba mzigo usio wao. Japarkul hakucheka. Alivifunga viganja vyake polepole, akaviweka juu ya magoti bila ya kuvipitisha usoni, na chumba kizima kikaona.

"Kuda," Mambetaly akasema, na asali ikapungua. "Umefunga mikono."

"Nimefunga."

"Kabla ya dua?"

"Kabla ya dua. Nataka kwanza nimwone."

Alinyanyuka, akavaa viatu vyake kizingitini, akatoka uani. Jua la adhuhuri lilikuwa juu ya paa la zizi. Alipomkaribia, Jeerde alirudi nyuma hatua mbili na kulaza masikio. Yeye aliyekuwa, alipokuwa mwana farasi, akilala na kidevu chake begani mwa mzee huyu. Japarkul alimzungumzia kwa sauti ya chini hata akatulia. Kisha akalifunua blanketi la sufu alilotupiwa mgongoni.

Palikuwa na vidonda vitatu. Viwili, upana wa kiganja kila kimoja, vilikaa kulia na kushoto mwa kilele cha mabega, pale shingo inapokutana na mgongo. Cha tatu kilikuwa nyuma, juu ya figo, kirefu na chembamba, kama kilichochongwa kwa patasi. Usaha ulikuwa umegandamana na manyoya. Blanketi lilipobanduka Jeerde alitetemeka ngozi nzima, toka mabegani hadi mkiani, lakini hakupiga teke, maana mkono aliujua.

Ghadhabu ilimpanda Mzee Japarkul taratibu, mfano wa maji yanayochemka katika sufuria nzito. Aliogopa kusema kitu kabla haijafika juu, asije akasema la kijinga. Akasimama tu pale, mkono mmoja shingoni mwa mnyama, akivitazama vile vidonda vitatu, na kila kimoja kilimweleza habari zake kama shahidi aliyeapishwa.

Kwani yeye alikuwa fundi wa matandiko. Kwa miaka arubaini hakupata kumtengenezea tandiko mtu aliyemjia bila ya farasi wake. "Nenda ukamlete," huwaambia, "au vaa kiatu cha jirani yako uende nacho harusini, kisha uje unieleze." Na katika matandiko yote yaliyopita mikononi mwake, hakuna alilolihangaikia kama hili la Burulcha. Mti wa gome jeupe aliukata vuli, miaka mitatu nyuma, akaukausha kivulini miaka miwili, maana mti uliokaushwa juani ni mnafiki: huonekana mkavu, kumbe moyoni una maji, na siku ya kazi hujipinda. Alichukua ufito mbichi wa kando ya mto akaukunja juu ya mabega ya Jeerde mahali patatu, na kila mkunjo akauchora juu ya ubao. Akamtembeza, akamwacha ale majani kichwa kikiwa chini, akampandisha kilimani na kumteremsha. Mgongo wa farasi aliyesimama si mgongo wa farasi anayekwenda, na anayepima kimoja akaacha cha pili amepima nusu ya mnyama.

Hakumsahau mpandaji. Burulcha alikalishwa juu ya udongo laini pale mtoni mpaka udongo ukashika umbo lake, akacheka kwa baridi, na baba yake akapima kwa shibiri toka nyonga hadi goti. Vikuku vya kukanyagia miguu akavitundika chini ya nyonga sawasawa, ili uzito wake ukae katikati ya mgongo usiangukie figo. Kisha Burulcha akampanda nusu siku. Tandiko likavuliwa, na baba na binti wakalisoma jasho. Jasho likiwa sawa pande zote, mambo ni sawa. Palipo na doa kavu katikati ya ubichi, hapo ubao unabana na damu haipiti, na leo ni doa, kesho ni kidonda. Doa lilionekana moja, kadiri ya sarafu ndogo, chini ya bega la kushoto. Waliukwangua ubao siku mbili kwa ajili ya doa lile.

Na baada ya yote hayo, akalipamba kwa fedha.

Alirejea ndani. Wazee walikuwa wamekaa vile vile, na chai ilikuwa ikipoa katika mabakuli. Burulcha alikuwa karibu na samova, birika kubwa la chai lenye bomba, kitambaa cheupe cha mke mpya kimemfunika hadi kwenye nyusi, macho chini, akimimina. Mkamwana wa miezi miwili hasemi mbele ya wakubwa wa mumewe ila ameulizwa. Na mumewe alikuwa mlimani na kondoo tangu wiki iliyopita.

"Tandiko langu liko wapi?" Japarkul aliuliza, akiwa bado amesimama.

"Lipo mahali pa heshima!" akadakia Kanyshay, mke wa Mambetaly, mavyaa wa Burulcha. Uso wake ulichanua. Akalifungua pazia la chumba cha pili, kile kipya, cha wageni wakubwa. Ukutani palikuwa na zulia jekundu, na juu ya zulia lilitundikwa tandiko, limesuguliwa, fedha yake inang'aa, ngozi yake haina hata mkwaruzo. "Kila anayeingia namwonyesha. Jana tu amekuja mke wa mwalimu mkuu, kapiga picha mbili."

"Na mgongoni mwa farasi mnaweka nini?"

"Ah, hilo lisikusumbue," alisema Doolot. Akatoka, akarudi amekumbatia tandiko jipya, lenye ngozi nyekundu na misumari ya shaba iliyopangwa mfano wa nyota. "La sokoni mjini. Si zuri?"

Japarkul alilipokea, akalipindua juu chini, akaliweka juu ya goti lake, na wazee wote wakanyoosha shingo. Aliingiza mkono wake katika upinde wa mbele, ngumi haikupita.

"Hebu mtu anitazamie. Upinde huu ni wa farasi gani? Wa mbuzi huu! Jeerde ana mabega mapana kama mlango. Hapa amebanwa kulia na kushoto kama chuma katika koleo la mhunzi. Na mbao hizi mbili za ubavuni zimenyooka kama rula ya shule. Mgongo wa mnyama una bonde katikati. Basi ubao hauugusi katikati, unagusa mbele na nyuma tu. Uzito wote wa mtu mnaukalisha juu ya pembe nne. Ndivyo mnavyokalisha wageni nyumba hii, juu ya pembe za meza?"

"Mimi nilijua linabana," Doolot akasema, kwa fahari ya mtu mwenye utetezi. "Sikumwonea. Nikaongeza blanketi. Halikufaa, nikaongeza la pili. Siku hizi natia matatu! Hata mtoto wangu mchanga halali juu ya matatu."

"Kiatu kikikubana, Doolot, unavaa soksi tatu?"

Mzee mmoja akapaliwa na chai.

Basi hapo Kanyshay akaona mumewe na shemeji yake wamesimamishwa kama watoto wa darasani, naye hakuwa mwanamke wa kulinyamazia hilo. "Samahani, kuda, wewe ni mgeni wetu na tunakuheshimu. Lakini usitulaumu kwa tandiko tu. Yule farasi ana damu mbaya. Tangu afike anauma, anapiga mateke, ukimkaribia na mkanda anavimbisha tumbo. Sisi tuna farasi kumi na tisa, hakuna wa tabia hizo. Nikasema labda ndivyo alivyolelewa huko alikotoka."

Neno hilo la mwisho lilianguka katikati ya nguo ya chakula kama inzi katika maziwa. Hakuna aliyelitazama, na wote waliliona. Mkono wa Burulcha ulitulia juu ya bomba la samova. Wala Japarkul hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliyoambiwa Jeerde katika nyumba hii kwa miezi miwili, aliambiwa mwingine aliyetoka naye siku moja, zizi moja, njia moja. Ghadhabu yake, iliyokuwa ikichemka, ikafura.

"Damu mbaya," alisema. "Mnyama amekuambieni kwa masikio, hamkusikia. Amekuambieni kwa meno, hamkusikia. Amekuambieni kwa kwato, mkamwita mwenye damu mbaya. Sasa mnataka nimfungulie mikono nimwombee, akatwe shingo, nile, nishukuru. Mwenyezi Mungu ametupa hawa migongo yao amana. Na amana isiyosema ndiyo itakayosema kwa sauti kubwa Siku ya Hesabu. Mimi nife na dua hiyo ulimini?"

"Kuda mzee, wee, taratibu!" Doolot akajaribu kucheka. "Mnaendekeza sana huko kwenu. Farasi si hariri bwana. Mgongo ni mgongo!"

"Mgongo ni mgongo?"

"Mgongo ni mgongo."

"Vua joho lako."

"Eh?"

"Vua joho uiname hapa. Mikono chini na magoti chini."

Kicheko kikalipuka. Mambetaly akainua mkono kuzuia, lakini mkubwa wa wazee wote pale, kiziwi nusu aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alikuwa amekwisha kupiga goti lake kwa furaha. "Inama, Doolot! Wewe ndiye uliyesema! Mtu hulala juu ya neno lake."

"Baba mkubwa, na wewe!"

"Inama, inama. Nimeona maajabu machache mwaka huu."

Neno la mkubwa halina rufaa. Doolot akavua joho, akashika zulia kwa mikono na magoti, akinung'unika kwamba hata harusini hakufanyiwa hivi. Japarkul akamtwika lile tandiko jekundu mgongoni, bila ya blanketi. "Mgongo wa mtu si wa farasi," alisema, akiwaelekea wazee ili asionekane mlaghai, "na hili halikupimiwa huyu. Lakini halikupimiwa Jeerde pia, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa zaidi ya mwenzake. Mimi nina kilo sitini. Yeye anayempanda Jeerde ana mia na ishirini."

"Mia na kumi!" ilisema sauti kutoka chini.

"Mia na kumi. Nenda."

Akakaa. Doolot alisogea hatua moja, ya pili. Katika ya tatu ubao ukampata penye uti, akatoa sauti ambayo hapana aliyewahi kuisikia kwake.

"Shuka!"

"Bado mlango hujaufikia."

"Shuka mzee, unanivunja! Shuka nimesema!"

"Umesema," akajibu Japarkul, akashuka. "Tena nilikusikia tangu mara ya kwanza."

Waliokuwa wakicheka walinyamaza, si wote kwa pamoja, ila mmoja mmoja, kadiri neno lilivyowafikia. Doolot alijinyoosha akipapasa mgongo, uso mwekundu kuliko tandiko. Akalitazama lile tandiko, akalisukuma kwa mguu.

Lakini Kanyshay hakuwa amemaliza. Alikuja mpaka ukingoni mwa nguo ya chakula, kwa maana naye alikuwa amedhalilishwa nyumbani mwake mbele ya wageni.

"Haya. Umetuonyesha. Na mimi nikuulize, kuda. Lile tandiko nani alilivika fedha? Sisi? Umeliremba mbele fedha, nyuma fedha, vikuku fedha, mpaka kwenye ndimi za mikanda fedha. Nani duniani huvisha fedha kitu cha kutolea jasho? Ningelilaza zizini na mavi ya kondoo, wangesema Kanyshay hana adabu na vitu vya ukweni. Nimelitundika, unasema tumemuua farasi. Ulitaka nifanye lipi?"

Mzee Japarkul aligeuka akalitazama lile tandiko la ukutani. Mwanamke alisema kweli. Fedha ile haikumfaa Jeerde hata chembe, wala haikumfaa Burulcha. Aliipiga nyundo majuma matatu akiwaza watu wa bonde hili, akiwasikia masikioni mwake wakisema: tazameni kazi ya Japarkul. Na wao, maskini, walitii, waliitazama. Akajiona nafsi yake imekaa pale ukutani, imesuguliwa, inang'aa, haina faida kwa kiumbe.

"Hilo ni kosa langu," alisema mwisho. "Nalikubali mbele ya hawa wote. Lakini kosa langu lilikuwa ukutani, kuda. Kidonda kiko mgongoni. Kila siku mtu mmoja alimvua farasi yule tandiko na kuona damu. Hakuna hata mmoja katika nyumba hii aliyesema?"

"Mimi nilisema."

Ilikuwa sauti ndogo, na ilitoka kwenye samova. Burulcha alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, kama inavyompasa mkamwana, lakini alikuwa amesimama.

"Nilisema siku ya tatu," aliendelea. "Niliona doa kavu pande zote mbili, nikamwambia mama huyu. Siku ya kumi ngozi ilikuwa imevimba, nikamwambia tena mama, na baba mdogo huyu nikamwambia alipokuwa anakaza mkanda. Nikamwomba asiongeze blanketi, kwani kadiri anavyoongeza ndivyo linavyobana. Akaniambia nikaangalie maziwa yangu yasimwagike. Kidonda kilipofunguka nikasema mara ya nne. Baada ya hapo sikusema tena. Nilikuwa nakwenda zizini alfajiri kumwosha."

"Sasa mkamwana wa juzi," Kanyshay akasema, ingawa sauti haikuwa na nguvu ya mwanzo, "atajua nini mambo ya matandiko? Ni kazi ya wanaume."

"Atajua nini!" Japarkul akapaza sauti hata kiziwi akasikia. "Mama wee! Macho yangu mimi yamekwisha tangu miaka sita. Doa la kadiri ya sarafu silioni. Kila tandiko lililotoka kwangu tangu hapo, yeye ndiye aliyesoma jasho. Yeye ndiye aliyeniambia kwangua hapa, acha pale. Watu wa mabonde matano wanapanda salama kwa macho ya huyu. Mna fundi ndani ya nyumba, mnamwambia aangalie maziwa!"

Mambetaly hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shughuli nyingi, aliyezoea kusikia lililosemwa na mkubwa na kuliacha lililosemwa na mdogo lipite kama upepo juu ya majani. Aliinua uso akamtazama mkamwana wake, akatazama uani, akajipangusa paji la uso.

"Mleteni kondoo," alisema kwa walio nje. "Yule mweusi. Na huyu farasi mrudisheni."

"Harudi zizini," alisema Japarkul. "Nakwenda naye kwangu."

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Kilichoingia na bibi harusi kikitolewa na baba yake mchana, mbele ya wazee, ni sawa na fundo kufunguliwa: jioni ya tatu huja watu kumchukua na mwenye mali, bibi harusi mwenyewe. Kanyshay alishika shavu. Mambetaly akanyanyuka.

"Kuda. Ukimtoa farasi huyu katika ua wangu, unajua watu watasema nini."

"Najua."

"Utamvunjia binti yako nyumba kwa ajili ya mgongo wa farasi?"

"Nyumba isiyosikia neno mara nne," Japarkul akasema, "imejivunja." Akatoka. Alikuwa amefika mahali ambapo ghadhabu humnogea mtu, akaona kila anachokifanya ni haki. Akaifungua kamba ya Jeerde mtini, akaizungusha mkononi, akageuka kuelekea lango. Wazee walikuwa wamejaa mlangoni, hawana viatu.

Mkono mwingine ukaishika kamba mbele ya mkono wake.

"Hapana, baba," alisema Burulcha.

"Niachie. Watamuua huyu."

"Hawamuui. Mimi nipo."

"Ulikuwepo miezi miwili!"

"Nilikuwepo, na nilisema." Alikuwa ameinua uso, na baba yake akaona kitu ambacho hakukitarajia: alikuwa amekasirika, tena si na watu wa mumewe peke yao. "Nimesema mara nne, baba, peke yangu, sina fedha wala joho la fundi. Wewe umesema mara moja na kila mtu amekaa chini. Haya, umenisaidia, Mungu akulipe. Ukimchukua sasa, watasema mkamwana alimwita baba yake. Kila nitakalosema baada ya leo watatazama barabarani kama unakuja. Nitakuwa bubu mpaka nizeeke. Niachie kamba."

"Burulcha mwanangu, mimi ni..."

"Niachie kamba."

Hakuiachia mara moja. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kushika. Burulcha naye hakuingoja iachiwe; alimgeukia Mambetaly, akainama mara tatu kama desturi ilivyo, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa kiziwi:

"Baba, ukiniruhusu. Jeerde asitandikwe siku arubaini, wala asitiwe mzigo. Ngozi ikifunga na nywele zikiota, zitaota nyeupe, hatutazificha. Siku hiyo nitalishusha tandiko langu mwenyewe na kumtandika nalo. Hili jekundu lisiguse farasi yeyote. Mbao zake nitazichonga upya hapa hapa, nipatieni kisu na kivuli. Na farasi wa nyumba hii wote kumi na tisa, nataka niwaone migongo."

"Na mtu akitaka kumpanda Jeerde?" Mambetaly akauliza. Hakuna aliyejua kama aliuliza kwa kejeli au kwa kutaka kujua. Pengine naye hakujua.

"Aniulize mimi."

Mambetaly alivuta pumzi, akatazama milimani, kisha akatazama watu wake waliojaa mlangoni. Baba wa mume hamsemeshi mkamwana mpya maneno marefu. Akasema fupi:

"Mmesikia."

"Wote kumi na tisa?" Kanyshay akauliza, lakini aliuliza chini chini, na macho yake yalikuwa juu ya vile vidonda, ambavyo hakuwahi kuvitazama mchana.

"Wote," alisema mumewe. "Doolot! Kachemshe maji ya chumvi."

"Mimi? Mgongo huu?"

"Wewe ndiye unayejua kidonda kiko wapi."

Basi hapo vidole vya Mzee Japarkul vikalegea. Alikuwa bado na hasira. Alikuwa na hasira na nyumba ile, na yule muuza matandiko wa mjini asiyewahi kugusa mgongo wa mnyama, na nyundo yake mwenyewe ya fedha. Na kwa namna asiyoweza kuieleza, alikuwa na hasira na binti yake, aliyemnyang'anya haki yake ya kuondoka kwa kishindo. Alimtazama akimzungusha Jeerde polepole nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, bila ya kugeuka nyuma. Wazee walirudi ndani kutafuta viatu vyao. Yeye akabaki uani peke yake, mikono mitupu, asijue aiweke wapi.

Baada ya muda akasikia ndoo, kisha sauti ya Burulcha kutoka upande wa pili wa ukuta, kali, haina woga:

"Baba mdogo, hayo ni maji ya chai hayo, si ya kidonda! Jaribu kwanza kwa kiwiko chako. Umeungua? Basi na yeye angeungua. Ongeza baridi. Ongeza tena."